Viasi Vilivyolowa: Kujazwa Upya kwa Risasi Huko Moshi, 1915

Historia ya vita vya 1914–1918 katika Afrika ya Mashariki imeandikwa aghalabu kama historia ya majemadari na safari zao. Msomaji huelezwa nani alivuka mto gani, mwezi gani, na alikuwa na askari wangapi. Walakini jeshi halipigani kwa idadi ya watu peke yake, wala kwa idadi ya bunduki. Hupigana kwa kadiri ya kilichomo mkobani mwa askari, na kikiisha hicho bunduki haina tofauti na rungu. Makala haya yanakusudia kueleza kazi moja iliyofanywa Moshi katika mwaka 1915, nayo ni kuzifungua risasi zilizolowa maji ya bahari, kuzisafisha, na kuzijaza upya kwa mikono. Kazi hiyo hutajwa kwa maneno machache tu katika vitabu vya vita hivyo. Hata hivyo, pasipo kazi hiyo ni vigumu kueleza jinsi jeshi lililozingirwa pande zote lilivyoweza kuendelea kupigana.

Kwanza yafaa maneno yenyewe yatazamwe, kwa sababu lugha ya Kiswahili ilikuwa na msamiati kamili wa jambo hili kabla ya vita hivyo kuanza. Neno risasi latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya madini ya risasi, na katika Kiswahili limeendelea kubeba maana zote mbili, madini yenyewe na kitu kinachorushwa na bunduki. Baruti ni neno lililoenea katika lugha za Waarabu, Waajemi na Waturuki, likafika pwani pamoja na bidhaa yenyewe. Fataki ni kile kifuniko kidogo kinachopigwa na mtambo na kutoa cheche. Leo neno hilo hutumika zaidi kwa mianga ya sikukuu. Mdeki ni ufito wa kushindilia. Lakini neno lenye mafunzo mengi zaidi ni kiasi. Maana yake ya asili ni kipimo. Mtu mwenye bunduki ya kushindilia kwa mdomo alipima baruti kila alipotaka kupiga, na kipimo hicho kilikuwa kiasi chake. Ilipokuja bunduki inayofunguliwa nyuma, ambayo baruti yake, fataki yake na risasi yake vimekwisha fungwa pamoja ndani ya ganda la shaba, Waswahili hawakutafuta neno jipya. Kitu hicho kizima wakakiita kiasi, na bunduki yenyewe wakaiita bunduki ya viasi, ili kuitofautisha na ya mrao, ya gumegume na ya fataki. Katika makala haya neno kiasi litatumika kwa maana hiyo ya kitu kizima, na neno risasi kwa kile kipande cha mbele kinachoruka.

Tofauti ya majina hayo ni tofauti ya utegemezi pia. Mwenye gumegume aliweza kununua baruti kwa mfanyabiashara yeyote, akaokota jiwe, akayeyusha madini ya risasi au akakata vipande vya chuma. Bunduki yake, ambayo mara nyingi ilikuwa kuukuu iliyoachwa na jeshi fulani la Ulaya na kuletwa Unguja kuuzwa, haikumfunga kwa kiwanda chochote. Mwenye bunduki ya viasi alikuwa amefungwa. Ganda lililotengenezwa kwa bunduki ya namna moja haliingii katika bunduki ya namna nyingine, na fataki na baruti yake hutoka katika viwanda vya mbali. Mataifa ya Ulaya yalilijua jambo hili vizuri. Katika Mkataba wa Brussels wa 1890 yalipiga marufuku kuingizwa kwa silaha katika eneo kubwa la Afrika, kuanzia digrii 20 kaskazini ya ikweta hata digrii 22 kusini yake, ila kwa matumizi ya serikali na kwa ruhusa maalumu. Silaha iliyoachiwa nafasi ya kuuzwa chini ya usimamizi ilikuwa bunduki ya gumegume isiyo na mifuo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara. Hivyo sheria yenyewe ilitenga watu wa gumegume na watu wa viasi.

Ajabu ni kwamba askari wa serikali ya Wajerumani, au Wadachi kama walivyoitwa na wenyeji wengi siku zile, nao walikuwa wakitumia silaha iliyopitwa na wakati. Vita vilipoanza mwezi wa Agosti 1914 koloni lilikuwa na kombania 14 za askari, jumla yao karibu 2,500 pamoja na maofisa na masajini wachache wa Kizungu. Nyingi za kombania hizo zilishika bunduki ya Mauser ya mwaka 1871. Bunduki hiyo ilipiga kiasi kimoja kimoja, na mtutu wake ulikuwa na upana wa milimita 11. Huko Ujerumani kwenyewe ilikwisha ondolewa katika vikosi vya mbele tangu bunduki mpya ya 1888 ilipopatikana. Viasi vyake vilijazwa baruti nyeusi, ile ile ya shura, kiberiti na makaa, ambayo hutoa wingu la moshi mweupe kila inapowaka. Tangu Mfaransa Paul Vieille alipovumbua baruti isiyo na moshi katika mwaka 1884, majeshi ya Ulaya yalikuwa yameiacha baruti nyeusi kwa sababu iliyo wazi: moshi humwonyesha adui mahali alipo mpigaji. Katika msitu ambamo watu wasingeonana kwa macho, askari mwenye bunduki ya 1871 alijitangaza mwenyewe.

Kwa hiyo amirijeshi wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa na shida mbili tangu mwanzo. Ya kwanza ilikuwa kupata bunduki mpya. Ya pili, iliyo nzito zaidi, ilikuwa kupata viasi vya kuzilisha. Vita vya Tanga vya mwezi wa Novemba 1914 vilimpunguzia shida ya kwanza kwa muda. Jeshi lililoletwa kutoka Bara Hindi lilishindwa na kurudi melini, likaacha pwani bunduki za kutosha kuzipatia silaha mpya kombania zaidi ya tatu, bombom 16, na viasi vipatavyo 600,000. Lakini mapigano yaliyofuata ya Jasini, karibu na mpaka wa koloni la Waingereza, tarehe 18 na 19 Januari 1915, yalionyesha jinsi akiba hiyo ilivyokuwa ndogo. Ngome ya Jasini ilitekwa, lakini kwa gharama ya viasi 200,000 na maisha ya maofisa wengi. Lettow-Vorbeck mwenyewe aliandika baada ya vita kwamba hesabu ya siku hizo mbili ilimthibitishia kuwa angeweza kupigana mapigano mengine kama hayo mara tatu tu kwa wingi. Tangu hapo aliacha kutafuta mapambano makubwa, akatuma makundi madogo madogo kuvunja reli ya Uganda, kazi ambayo ilihitaji baruti ya kulipulia zaidi ya viasi.

Mashua na meli za kivita za Waingereza zilikuwa zikilinda pwani, na mapema mwaka 1915 pwani yote ya koloni ilitangazwa kuwa imefungwa. Katika hali hiyo serikali ya Ujerumani ilituma meli moja kujaribu kupenya. Meli hiyo ilikuwa ya Kiingereza kwa asili, jina lake Rubens, iliyozuiliwa Hamburg vita vilipoanza. Iliondoka Ujerumani mwezi wa Februari 1915 chini ya Kapteni Carl Christiansen, ikijifanya meli ya Denmaki yenye jina la Kronborg. Shehena yake ilikuwa makaa kwa ajili ya manowari Königsberg iliyokuwa imejificha katika mikono ya Rufiji, na pamoja na makaa kulikuwa na bunduki mpya zaidi ya elfu, mizinga midogo, madawa, na viasi vya bunduki vilivyohesabiwa kwa mamilioni. Ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema, ikafika karibu na Tanga katikati ya Aprili. Hapo manowari ya Waingereza Hyacinth iliiona na kuifukuza. Christiansen aliingia ghuba ya Manza, kaskazini ya Tanga, akaizamisha meli yake mwenyewe katika maji ya kina kifupi, na mbao zilizokuwa juu ya sitaha zikawashwa moto. Waingereza walipoona moto ule walidhani kila kitu kimeteketea, wakaenda zao.

Shehena haikuwa imeteketea, ilikuwa imelowa. Wazamiaji walitumwa, na kwa muda wa majuma mengi masanduku yalitolewa moja moja tumboni mwa meli, yakapandishwa pwani na kuchukuliwa na wapagazi. Bunduki zilisafishwa bila taabu kubwa, kwa maana chuma kikiwahiwa mapema na kupakwa mafuta hupona. Viasi vilikuwa jambo jingine. Maji ya chumvi yalikuwa yamepenya baina ya risasi na mdomo wa ganda na pembeni mwa fataki. Mwanzoni vingi vilionekana vizima, lakini kadiri siku zilivyopita baruti na fataki zilizidi kuharibika, na idadi ya viasi visivyolia ikaongezeka. Kuviacha vilivyo kungekuwa kuvipoteza vyote. Wala haikuwezekana kutengeneza vingine, kwa kuwa baruti isiyo na moshi si kitu cha kuchanganywa kinuni kama ile nyeusi. Ni kazi ya viwanda vikubwa vya kemia, navyo havikuwako katika koloni. Njia iliyobaki ni moja tu, yaani kila kiasi kifunguliwe.

Kazi hiyo ilifanywa Moshi mpya, mahali ilipoishia reli ya Usambara itokayo Tanga. Kwa miezi kadhaa watu wote walioweza kupatikana, Wazungu, askari na wengineo, waliwekwa kiwandani kujaza viasi. Ukubwa wa kazi waweza kueleweka kwa kufikiri hatua zake. Risasi yapasa kung'olewa katika mdomo wa ganda bila kulipasua. Baruti imwagwe, itazamwe, isafishwe na kukaushwa, na hii ni baruti ambayo haivumilii jua kali wala cheche. Fataki iliyooza itolewe na nyingine itiwe mahali pake. Na fataki zilizokuwako katika koloni hazikuwa za namna ile ile iliyotengenezwa kwa magunda hayo mapya, ikabidi zitumike hivyo hivyo. Kisha ganda lirudishiwe baruti kwa kipimo chake, kwa sababu pungufu huifanya risasi ianguke karibu au ikwame mtutuni, na ziada yaweza kuipasua bunduki usoni mwa mpigaji. Mwisho risasi ikazwe tena mahali pake. Hayo yote kwa kiasi kimoja. Na viasi vilikuwa mamilioni. Hapo neno la Kiswahili lilirudi katika maana yake ya kale, maana mtu aliyeketi Moshi mbele ya chungu ya maganda alikuwa akipima kiasi kwa mkono, kama mwenye gumegume alivyokuwa akipima, ila kwamba yeye hakupima kwa ajili ya bunduki yake mwenyewe.

Kilichotoka kiwandani hakikuwa sawa na kipya, na Wajerumani hawakujidanganya katika jambo hilo. Viasi viligawanywa kwa madaraja. Vile vilivyokuwa vizima bila shaka yoyote viliwekwa akiba kwa ajili ya bombom peke yake. Sababu yake ni ya kiufundi. Bombom hujiendesha kwa nguvu ya mpigo wake yenyewe: kiasi kinapolia ndicho kinachotupa nje ganda tupu na kuingiza kiasi kingine, kwa hiyo kimoja kisicholia huisimamisha bunduki nzima hata mtu aifungue kwa mkono. Askari mwenye bunduki ya kawaida hupoteza nafasi moja tu, naye hufungua, hutupa, na kupiga tena. Basi askari ndiye aliyepewa vilivyojazwa upya. Katika hivyo, vile ambavyo vilikosa kulia kwa kadiri ya ishirini katika mia vilitengwa kwa ajili ya mapigano, na vilivyokosa zaidi ya hapo vilitumiwa kwa mazoezi ya shabaha. Maana ya kanuni hiyo yafaa izingatiwe. Kiasi kimoja katika kila vitano kilitazamiwa kutolia, na hicho ndicho kipimo kilichohesabiwa kuwa kinafaa. Askari aliyesimama mbele ya adui mwenye viasi vipya alijua kwamba mara moja katika mara tano atakapovuta mtambo hapatakuwa na sauti.

Juu ya watu waliofanya kazi hiyo habari zilizoandikwa ni za jumla mno. Kitabu cha kumbukumbu cha Lettow-Vorbeck, kilichotolewa Ujerumani mwaka 1920, chaitaja kazi na mahali pake, chataja na kanuni ya ishirini katika mia, lakini majina hakina. Kitabu hicho kiliandikwa na amirijeshi aliyetaka kuonyesha kwamba hakushindwa, na katika maelezo ya namna hiyo ustadi wa kiwandani huonekana kama sehemu ya werevu wa mkuu. Ndivyo ilivyoelezwa pia dawa ya kwinini iliyotengenezwa Amani, na mizinga ya Königsberg iliyoopolewa Rufiji baada ya manowari hiyo kuzamishwa tarehe 11 Julai 1915 na kuundiwa magurudumu Dar es Salaam. Vitu vimehifadhiwa katika historia, mikono imesahauliwa. Hata hivyo hesabu ya kazi yenyewe ni ushahidi. Mamilioni ya viasi hayafunguliwi na maofisa wachache. Yalifunguliwa na watu wengi, kwa uangalifu mwingi, katika kazi ambayo kosa la mmoja lingeweza kumwumiza mwingine asiyemjua, mahali pa mbali na siku nyingi baadaye.

Matokeo ya kazi hiyo hayana budi kupimwa kwa pande mbili. Upande wa kijeshi ni dhahiri. Jeshi ambalo mwezi wa Januari 1915 liliona mbele yake mapigano matatu tu, lilikuwa bado linapigana Jenerali Smuts alipovamia kutoka Kilimanjaro mwezi wa Machi 1916. Moshi ikatekwa mwezi huo huo, lakini viasi vilikuwa vimekwisha ondoka. Meli ya pili, Marie, ilifika ghuba ya Sudi, karibu na Lindi, katika Machi hiyo hiyo, na shehena yake ikabebwa bara kwa vichwa vya wapagazi. Vita ambavyo vingeweza kukoma kwa kukosa viasi viliendelea miaka miwili na nusu zaidi. Si haki kusema kwamba kiwanda cha Moshi peke yake ndicho kilichovirefusha. Ukubwa wa nchi, maradhi yaliyowamaliza askari wageni wa Smuts, na ushupavu wa askari wenyewe vilifanya sehemu yao. Lakini hakuna hata moja katika hayo ambalo lingefaa kitu kama mikoba ingalikuwa mitupu.

Upande wa pili ni wa wenyeji wa nchi, na huo hauna sifa. Kila mwezi uliozidi ulikuwa mwezi wa mizigo, na wa chakula kuchukuliwa ghalani. Pande zote mbili zilikamata wapagazi, na wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi wao kwa maradhi, njaa na uchovu kuliko kwa silaha. Jina la Kariakoo katika Dar es Salaam, sawasawa na Kariokor ya Nairobi, ni matamshi ya wenyeji ya Carrier Corps, kikosi cha wapagazi cha Waingereza, nalo limebaki katika lugha baada ya watu wenyewe kuzikwa njiani. Huko Ugogo, ambako majeshi yote mawili yalipita na kuchukua nafaka, ng'ombe na vijana, ukame ulipofuata ilikuja njaa ya miaka 1917 hadi 1920 ambayo Wagogo waliiita Mtunya. Viasi vilivyookolewa Manza vilikuwa na thamani kwa amirijeshi. Kwa mkulima aliyekaa katika njia ya majeshi vilikuwa nyongeza ya msiba.

Mwisho wa habari hii wathibitisha tena ukubwa wa kiasi kuliko bunduki. Katika mwaka 1917 akiba iliyojazwa Moshi na ile ya meli Marie ilikuwa imekaribia kwisha. Tarehe 25 Novemba mwaka huo Lettow-Vorbeck alivuka mto Ruvuma na kuiteka kambi ya Wareno ya Ngomano, akapata humo bunduki nyingi pamoja na viasi vipatavyo 250,000. Kwa kuwa viasi vya Kireno havikuingia katika bunduki za Kijerumani, askari walibadilisha bunduki ili kufuata viasi. Bunduki nzuri za Kijerumani ziliachwa, si kwa ubovu wake, bali kwa kukosa cha kutia ndani. Mambo kama hayo yalifuata katika mwaka 1918 ndani ya Msumbiji. Jeshi hilo liliposalimu amri Abercorn, yaani Mbala ya leo katika Zambia, tarehe 25 Novemba 1918, liliweka chini bunduki 1,071 za Kiingereza na za Kireno, na viasi 208,000. Jeshi la Wajerumani lilimaliza vita kwa silaha za adui zake.

Katika kuitazama habari nzima, kazi ya Moshi yaonekana kuwa daraja baina ya hali mbili: kabla yake jeshi lilitegemea akiba yake lenyewe, na baada yake lilitegemea kuteka. Yaonyesha vilevile kwamba mpaka uliowekwa na mkataba wa 1890 baina ya wenye gumegume na wenye viasi haukuwa mgumu kama ulivyodhaniwa. Aliyekatiwa njia ya bahari, hata akiwa ni serikali ya Ulaya, alirudi katika hali ya mwenye gumegume: kuokota, kusafisha, kupima na kujaza kwa mkono, na kuridhika na silaha isiyolia mara moja katika tano. Wasemaji wa Kiswahili walikuwa wamekwisha litia jambo hilo katika neno moja walipokiita kitu hicho kizima kiasi, kwa maana ndani ya ganda la shaba waliona kile kile walichokijua zamani, yaani kipimo cha baruti ambacho mtu fulani, mahali fulani, amekipima kwa mkono wake.